P0171 iliyorudi mara mbili: kisa cha Probox ya mwalimu mstaafu

Kisa hiki cha P0171, kodi (msimbo wa hitilafu unaohifadhiwa na kompyuta ya gari) inayosema injini inapata mafuta machache kuliko hewa, kilitokea kwenye gereji ninayofanyia kazi, Mtwara mjini. Nimeondoa jina la mwenye gari, kijiji chake, namba za gari na gereji alizopitia kabla ya kufika kwetu. Vipimo nimeviacha kama vilivyo kwenye daftari langu. Nawaandikia zaidi mafundi vijana walionunua mashine ya kupimia gari na sasa wanaamini mashine ndiyo fundi. Nitangulie kusema kwamba sehemu ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Gari na mwenyewe

Gari ni Toyota Probox ya mwaka 2005, injini 1NZ-FE ya cc 1496, gia otomatiki, lililokuja kutoka Japani kama yalivyo mengi hapa nchini. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayeishi juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Ana shamba la mikorosho, na gari ndilo punda wake: linabeba magunia, madumu, wajukuu, na kuanzia mwezi wa sita linabeba mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Mara moja au mbili kwa wiki anashuka Masasi, kisha anapanda tena kurudi Newala. Aliyewahi kuupanda mlima ule akiwa na mzigo anajua injini inaombwa nini pale.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Taa ya injini inawaka, gari halivuti mlimani, na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inacheza kila anaposimama. Mafuta nayo aliona yanaenda haraka kuliko zamani, ila hilo hakulishikia bango, maana kila mwenye gari analisema.

Alikopitia kabla

Mtu wa kwanza kulishika alikuwa mpwa wake. Kijana alinunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu. Kikagoma kuunganika. Wakadhani kompyuta ya gari imekufa, na mtu mmoja akataka kuwauzia nyingine ya mtumba. Bahati nzuri mwalimu hakuwa na hela siku hiyo. Kompyuta ilikuwa nzima. Magari mengi ya Toyota yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ile hayazungumzi na vifaa hivi vya bei rahisi kwa lugha ya kawaida ya OBD2, ile ya pamoja ya kusomea kompyuta za magari. Yanataka mashine inayoijua Toyota, au programu iliyopangwa maalumu.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja asiye na mashine yoyote. Alichukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye plagi ya kupimia, akawasha swichi bila kupiga starta, akakaa kuhesabu mimweko ya taa ya injini. Miwili, kimya, mitano. Ishirini na tano. Akamwambia mwalimu, "Gari lako linasema hewa ni nyingi kuliko mafuta." Mzee huyu ndiye aliyesema maneno sahihi kuliko wote waliolishika gari hili, nami nikiwamo siku ile ya kwanza. Hakuwa na namna ya kuendelea zaidi ya hapo, akamshauri atafute gereji yenye mashine.

Gereji ya tatu ilikuwa na mashine nzuri. Ikasoma P0171, maana yake ile ile: mchanganyiko una mafuta machache kuliko hewa, benki ya kwanza (safu ya kwanza ya silinda). Fundi akabadilisha sensa ya oksijeni kwa ya mtumba, shilingi 85,000, akaweka plagi nne mpya, akafuta kodi. Taa ikazima. Siku ya tatu ikawaka. Akarudi, akaambiwa sasa ni pampu ya mafuta. Hapo mwalimu akaomba aende kwanza nyumbani kufikiri, na akaichukua sensa yake ya zamani akaifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Siku ya kwanza kwangu

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa gari lina kodi. Mimi nimestaafu, bado nadaiwa kodi?"

Tulicheka, na katika kucheka huko nikafanya kosa. Nilichomeka mashine, nikaiona P0171, na kwa mazoea ya mkono nikaifuta ili nione kama itarudi. Sikusoma picha ya tukio. Kompyuta inapoandika kodi huhifadhi pia hali ya injini wakati ule: mzunguko, mwendo, joto, mzigo, na ni mafuta kiasi gani ilikuwa ikiongeza. Ukifuta kodi, vyote vinaondoka. Na kile kiwango cha marekebisho ya muda mrefu, ambacho kompyuta ilikijenga kwa siku nyingi, kinarudi sifuri. Nilikuwa nimechoma barua kabla ya kuisoma.

Ikabidi nilizungushe gari mjini zaidi ya nusu saa ili kompyuta ianze kujifunza upya. Kisha nikaandika vipimo, injini ikiwa moto: kwenye sailensi, marekebisho ya muda mfupi na mrefu kwa pamoja yalikuwa +20%. Kwenye mzunguko wa 2,500 kwa dakika, gari limesimama, +19%.

Kwa asiyezoea namba hizi, mfikirie mama ntilie na mwonjaji wake. Sensa ya oksijeni ndiye mwonjaji, anakaa kwenye bomba la moshi na kusema "mafuta hayatoshi" au "yamezidi". Kompyuta inaongeza au kupunguza kwa asilimia. Kuongeza au kupunguza kidogo, tuseme chini ya kumi, ni kawaida ya gari lolote. Ikifika ishirini na kupita, kuna jambo. Fundi wa gereji ya tatu alisikia mwonjaji akisema mchuzi hauna chumvi, akamfukuza mwonjaji.

Namba za sailensi na za mzunguko wa juu zikilinganishwa zinasema mengi. Hewa ikiingia pembeni, kwenye mpira uliopasuka au gasketi iliyolegea, kosa linakuwa kubwa kwenye sailensi na linapungua ukikanyaga, kwa sababu tundu ni lile lile huku hewa halali ikiongezeka. Tatizo likiwa pampu dhaifu, filta ya mafuta iliyoziba au sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia kwenye injini, ikisoma pungufu, kawaida kosa linakua kadiri injini inavyodai zaidi. Hapa palikuwa na +20 na +19. Bapa. Sikupenda.

Uamuzi wa kupima shinikizo kabla ya kununua pampu

Kwa kuwa kosa lilikuwa karibu sawa kote, mimi pia mawazo yalinipeleka kwenye mafuta. Mwalimu alishataja mafuta ya chupa ya njiani, na pampu ilishatajwa na mwenzangu. Tofauti ni kwamba nilifunga geji kwanza. Kwa injini hii shinikizo linatakiwa kuwa kati ya kilopaskali 304 na 343. Geji ilikaa 320 kwenye sailensi, ikakaa hapo hapo nilipokanyaga, na nilipozima injini haikuporomoka. Pampu haikuwa na kesi. Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini na ilimwokolea mzee hela ya pampu.

Nikahamia kwenye hewa ya pembeni. Sipulizii kemikali inayowaka karibu na injini ya moto, ingawa nawaona wengi wakifanya hivyo. Natumia chupa ya maji yenye pua ya kunyunyizia, ile ya saluni. Maji yakikuta ufa unaonyonya hewa yanauziba kwa sekunde chache na sailensi inabadilika. Nilinyunyiza kwenye maungio ya manifoldi, hamna. Kwenye mpira wa breki, hamna. Nilipofika kwenye mpira wa kupitisha mvuke wa oili, kutoka kava la juu kwenda manifoldi, injini ilishtuka kisha ikatulia. Nikaupapasa kwa kidole upande wa chini, pale kwenye kona: ufa wa urefu wa ukucha, umejaa oili, ukiutazama kwa juu mpira ni mzima kabisa.

Mpira mpya, klipu mbili. Sailensi ikakaa kama meza. Marekebisho yakashuka hadi +6%. Nikafunga boneti, nikapokea hela, nikamuaga mwalimu.

Kipimo cha 2,500 sikurudia, wala sikuliingiza gari barabarani likiwa na mzigo. Nilikuwa na gari jingine linasubiri, na ile +6 ilinifurahisha mno.

Kurudi

Siku ya sita alirudi. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akasema, "Mwanangu, taa yako imerudi." Lile neno "yako" bado nalisikia.

Safari hii sikugusa kitufe cha kufuta. Nilifungua picha ya tukio nikaiandika yote: mzunguko 3,150, mwendo kilomita 58 kwa saa, mzigo wa injini 84%, joto la maji nyuzi 91, marekebisho ya muda mrefu +28%, ya muda mfupi +9%. Nikamuuliza alikuwa wapi taa ilipowaka. "Napanda kutoka Masasi, karibu kumaliza mlima." Sailensi hapo gereji bado ilikuwa +6.

Picha ikafunguka. Gari lilikuwa na magonjwa mawili yaliyokuwa yakifichana. Ufa wa mpira uliipandisha namba ya sailensi, na kitu kingine kiliipandisha namba ya juu. Kwa pamoja vilifanya mstari bapa ambao sikuupenda lakini sikuufuata hadi mwisho. Shinikizo la mafuta nilishalipima. Kikabaki kinachopima hewa.

Tulitoka kuelekea Mikindani asubuhi, barabara ikiwa tupu, kijana wangu akiwa kiti cha pembeni na mashine mkononi. Kwenye mwinuko niliweka gia ya pili, nikakanyaga mpaka mwisho hadi mzunguko wa 5,000. Kijana akasoma sensa ya hewa: gramu 46 kwa sekunde.

Je, 46 ni nyingi au chache? Hapa huhitaji kitabu. Injini ya mipigo minne inameza nusu ya ujazo wake kila mzunguko, kwa hii ni lita 0.748. Mizunguko 5,000 kwa dakika ni kama 83 kwa sekunde, kwa hiyo lita 62 za hewa. Kwa joto la huku pwani lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.16 hivi. Ingejaa kikamilifu ingekuwa gramu 72. Injini nzima ya aina hii hujaa kiasi cha asilimia 85 kwa mzunguko huo, tuseme gramu 61. Sensa inasema 46. Robo ya hewa inapita bila kuhesabiwa, na kompyuta inapima mafuta kwa hesabu hiyo pungufu. Kwenye sailensi sensa ilisoma gramu 1.9, ambayo ni kawaida, ndiyo maana aliyeitazama gari likiwa limesimama asingeitilia shaka.

Kwenye boksi la filta

Nilipofungua boksi, filta ilionekana safi kiasi. Nikaitoa. Kwenye ukingo wa boksi, mahali ambapo mpira wa filta hukalia, kulikuwa na mstari wa unjano mwembamba, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, ukitoka upande mchafu kwenda upande safi. Nikaupitisha kidole na kunusa. Kiberiti.

Filta ilikuwa ya kuigiza, fupi kwa milimita chache upande mmoja. Haikukaba. Kila mwalimu alipopita mashambani wakati wa kupuliza, na kila mfuko wa salfa ulipovuja nyuma, vumbi lilipata mlango. Nikachomoa sensa ya hewa, skrubu mbili tu. Waya wake mwembamba, ambao hufanya kazi kwa kupashwa moto na kupozwa na hewa inayopita, ulikuwa umevikwa ngozi ya unga uliogandamana na oili. Waya uliovikwa koti haupozwi ipasavyo, kwa hiyo unaripoti hewa chache.

Mwalimu akainama kutazama. "Kwa hiyo dawa ya mikorosho ndiyo imelifanya gari liugue?"

"Ndiyo mwalimu. Na filta ndiyo iliyofungua mlango."

Tulikuwa na njia tatu: sensa mpya, sensa ya mtumba, au kuisafisha ile ile. Nikachagua kusafisha, kwa sababu haikuwa imekufa; ilikuwa inasema kweli kwenye sailensi na kusema uongo wa kiasi kile kile kila tulipopanda. Tulitumia dawa maalumu ya kusafishia sensa ya hewa, inayokauka bila kuacha mafuta. Mipulizo kama kumi, kuacha ikauke kivulini, basi. Pamba ya masikio haigusi pale, wala upepo wa kompresa, wala petroli. Nimeona sensa nzima zikikatwa nyaya kwa usafi wa namna hiyo. Boksi tulilipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, tukaweka filta ya kipimo sahihi, na kabla ya kufunga nikapaka grisi kidogo kwenye ukingo ili baadaye nione kama vumbi linapita.

Matokeo

Tukarudi kwenye mwinuko ule ule, gia ile ile, mzunguko ule ule: gramu 61. Baada ya kilomita 70 za kuzunguka, sailensi +3%, mzunguko wa 2,500 +2%, mlimani +4%. Nikamwomba mwalimu apande Newala mara mbili na mzigo kabla ya kunilipa. Alilipa wiki iliyofuata. Mpira, filta, dawa na ufundi havikufika hata bei ya ile sensa ya mtumba ya oksijeni.

Sensa yake ya zamani, ile ya kwenye mfuko wa nailoni, tuliirudisha kwenye bomba kwa majaribio. Ilipanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kusita. Ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Uchambuzi

Nianze na fundi wa gereji ya tatu, kwa sababu ni rahisi kumcheka. Yeye aliona taa imezima na gari limetulia, akaamini. Lakini P0171 kwenye Toyota hizi haiwashi taa mara ya kwanza kosa linapoonekana. Kompyuta inasubiri kosa lijirudie kwenye safari ya pili. Ukijumlisha na kufutwa kwa marekebisho ya muda mrefu, gari lolote lililofutwa kodi litapewa siku mbili tatu za amani hata kama hukubadilisha chochote. Amani hiyo imeuza sensa nyingi za oksijeni. Anayetaka kujua kama amepona asiangalie taa, aangalie asilimia.

Kilichofanya kazi kwetu ni geji ya mafuta, ile chupa ya saluni na hesabu ya gramu. Vyote ni vya bei ndogo. Mashine ilisaidia kwa kuwa ilionyesha namba zinazobadilika, si kwa kuwa ilitaja kodi. Kodi alishaitaja mzee mwenye waya.

Kilichoshindwa ni mimi, mara mbili. Kufuta kabla ya kusoma kulinigharimu kipande cha ushahidi ambacho kingenipeleka mlimani siku ya kwanza. Kosa la pili naliona kubwa zaidi. Nilipata ufa, ufa ulikuwa wa kweli, sailensi ikapona, nikaacha kutafuta. Namba ya 2,500 ilikuwa +19 kabla ya ukarabati na mpira ule usingeweza kuieleza peke yake. Ilikuwa imeandikwa kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu. Kipimo kilichoonyesha ugonjwa ndicho kinachopaswa kurudiwa baada ya dawa, na malalamiko ya mteja yajaribiwe pale pale anapoyasikia. Mwalimu alisema mlimani. Nilimpima kwenye sakafu ya gereji.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya Toyota havitaliandika. Kuanzia Juni hadi Septemba hivi, magari ya mashambani Mtwara na Lindi yanapita kwenye ukungu wa salfa. Ratiba ya filta inayohesabu kilomita haitoshi miezi hiyo. Siku hizi gari lolote la mkulima likija kwa sevisi nafungua boksi la hewa kwanza, na simwangalii filta usoni; naangalia ukingo anaokalia.

Mwezi wa nane mwalimu alipiga simu, nyuma nasikia mashine ya kupulizia ikiunguruma. Hakuwa na shida. Alitaka tu kuniambia kwamba amefungua boksi mwenyewe, grisi bado nyeupe, mstari haupo.